Kwa nini mshipa uliozibuliwa hubana tena? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwa miaka mingi nikifanya kazi ya uuguzi hapa Mombasa. Mengine niliulizwa kando ya kitanda, mengine kwenye benchi la nje ambako jamaa wa mgonjwa husubiri, na mengine kivukoni Likoni, pale mtu anaponitambua na kunivuta pembeni. Yanayofanana nimeyaunganisha. Daktari anayekutibu ndiye anayekujua wewe. Ukurasa huu ni wa kukusaidia umwelewe anapokueleza.

## Mambo ya mwanzo

1. Walisema mshipa umefunguka vizuri. Mbona baada ya miezi minne kifua kimeanza tena kubana?

Kwa sababu kuufungua mshipa ni kuujeruhi, na jeraha hupona kwa kuweka kovu.

Daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kifundo cha mkono au kinena hadi kwenye ateri ya moyo iliyobana, yaani mshipa unaoulisha moyo damu, kisha hujaza puto dogo. Puto likitanuka, uchafu uliokuwa umeziba hupasuka na kusukumwa pembeni, ukuta wa mshipa huvutika kuliko ulivyozoea, na utando laini wa ndani huchubuka. Njia hufunguka papo hapo na mgonjwa hupata nafuu ya kweli. Lakini ukuta uliochubuka huanza kujitengeneza, na nyama mpya huota upande uleule damu inakopita. Ikiota kupita kiasi, njia hubana tena. Mara nyingi haya hutokea ndani ya miezi sita hadi tisa ya kwanza, kwa hiyo miezi minne yako imo ndani ya muda huo.

2. Kwani si mafuta yamerudi? Tulimkanya baba asile vyakula vya harusini.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike.

Alikuja mzee mmoja wa Majengo, stenti yake (wavu mdogo wa chuma unaoachwa ndani ya mshipa kuushikilia) ina miezi mitano, na picha ilionyesha imebana ndani. Mwanawe mkubwa akasema mbele yake, "Sista, tulimkanya. Lakini harusi ya mjukuu alikula biriani sahani mbili." Mzee aliivua kofia yake ya vito akawa anaizungusha vidoleni, macho chini, kama mtoto aliyefumaniwa. Nilimwambia yule kijana amwache baba yake ainue kichwa, maana kilichobana pale hakikuwa biriani.

Hapa kwetu mfano wa bomba huja haraka akilini. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na wengi wamewahi kukata kipande cha bomba wakakuta ukoko mweupe umeota ndani hadi tundu limebaki la kupita kalamu. Basi mtu akisikia mshipa umebana tena, hudhani ukoko umerudi. Lakini bomba ni kitu kisicho na uhai. Mshipa ni nyama hai: una seli, huhisi kuvutwa, hutuma habari, hujishona. Mafuta huchukua miaka na miaka kujijenga ukutani. Kinachobana katika miezi michache baada ya puto au stenti ni kovu, nalo huongozwa na kemikali za mwili ziitwazo vichocheo vya ukuaji, ambazo mgonjwa hana amri nazo.

Simaanishi kwamba chakula hakina maana. Mafuta ndiyo yaliyoufikisha mshipa pale pa kwanza, na yakiachiliwa yataziba mishipa mingine. Vidonge vya kolesteroli viendelee, na biriani iwe kwa kiasi. Ninachokataa ni kumbebesha mgonjwa lawama ya kovu. Mwenye stenti ya miaka mingi ni habari nyingine. Tazama swali la 20.

3. Hivyo vichocheo vya ukuaji ni nini hasa?

Ni protini ndogo zinazobeba ujumbe kutoka seli moja kwenda nyingine. Haziingii ndani ya seli zinayoiambia jambo, hubisha mlangoni. Juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi, kila kimoja na umbo lake, na kichocheo kikikaa kwenye kipokezi chake, ndani ya seli huanza mlolongo wa ishara unaoishia kwenye amri: gawanyika, hama, au tengeneza nyuzi za kovu.

Si kitu kigeni wala sumu. Mtoto hukulia tumboni kwa vichocheo hivi, na kidole ulichokikata ukiparura samaki hupona kwa hivyohivyo. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kugundua viwili vya kwanza, kimoja cha neva na kimoja cha ngozi.

4. Kwa nini mwili wangu utoe kitu cha kunidhuru?

Mwili hautofautishi kati ya puto la daktari na jeraha la kisu. Unachojua ni kwamba ukuta wenye presha ya damu umechanika, na ukuta wa namna hiyo usipozibwa upesi mtu hutoka damu akafa. Kwa hiyo huziba kwanza. Bila vichocheo hivi, pale puto lilipopasua pangebaki kidonda wazi cha kugandisha damu, na hilo ni hatari kuliko kovu. Tatizo ni kipimo: ateri ya moyo ina upana wa milimita tatu hivi, na ukiweka kovu la milimita moja kila upande, umebaki na njia ya uzi.

## Kinachotokea ndani ya ukuta

5. Mambo hufuatana vipi, tangu puto litanuliwe?

Tuujue ukuta kwanza. Ateri ina tabaka tatu. Ndani kabisa kuna utando wa seli moja tu kwa unene, laini kama ndani ya ganda la yai. Katikati kuna misuli laini, ambayo hukaza na kulegeza mshipa. Nje kuna koti la nyuzi. Mshipa ukiwa mzima, ule utando wa ndani huinyamazisha misuli: hutoa gesi ya naitriki oksaidi na kemikali za jamii ya heparini, ambazo huzuia seli za misuli zisigawanyike. Kwa mtu mzima seli hizo hugawanyika kwa nadra sana.

Sasa puto limepita. Utando umekwanguka, mwenye kunyamazisha hayupo. Dakika hiyohiyo chembe sahani, zile chembe ndogo za kugandisha damu, hujibandika kwenye ukuta ulio wazi na kumwaga mizigo yao, ambamo mna kichocheo kiitwacho PDGF. Wakati huohuo seli za misuli zilizopondwa hupasuka na kuachia kingine kilichokuwa kimehifadhiwa ndani yao, kiitwacho FGF ya msingi.

Mpangilio wa siku tunaujua vizuri kwa panya, kutokana na kazi ya Alexander Clowes na Michael Reidy huko Seattle, waliokwangua ateri ya shingo kwa puto dogo na kuhesabu seli. Ndani ya siku moja au mbili, seli za misuli za tabaka la katikati huanza kugawanyika. Karibu siku ya nne, baadhi hupenya zikahamia upande wa ndani. Huko hugawanyika tena, kwa kasi zaidi wiki ya kwanza na ya pili. Kisha seli huacha kuongezeka, lakini kovu huendelea kunenepa hadi mwezi wa tatu, kwa sababu kila seli hutandaza nyuzi na ute kuizunguka. Mwishowe sehemu kubwa ya kovu si seli, ni kile zilichotandaza. Kwa binadamu hatua ni zilezile, ila huchukua miezi badala ya wiki.

Mkae siku moja mumtazame fundi wa chokaa akikarabati nyumba ya mawe ya matumbawe kule Mji wa Kale. Ukuta umebanduka, analowesha, anapiga mkono wa kwanza, anangoja, anapiga wa pili. Kazi yake njema. Lakini kama ukuta unatazama kichochoro ambacho mkokoteni hupita kwa kubahatisha, na hakuna wa kumwambia basi, atapiga mkono wa tatu na wa nne hadi mkokoteni ukwame. Fundi hakukosea ufundi. Alikosa wa kumwambia basi.

6. Kila kichocheo kina kazi yake, au vyote ni kimoja?

Vinagawana kazi, ingawa mipaka yao inaingiliana.

FGF ya msingi ndiyo inayoamsha wimbi la kwanza la kugawanyika. Mwaka 1991 watafiti wa Seattle waliwapa panya kingamwili ya kuizuia kabla ya kuwajeruhi, na wimbi hilo likapungua sana. PDGF, licha ya sifa zake za kukuza, kazi yake kubwa kwenye ateri iliyojeruhiwa imeonekana kuwa ni kuita: huzivuta seli kutoka katikati kuja ndani. Kisha kuna TGF-beta, ambayo mimi huiona ndiyo yenye tabia ngumu kuliko zote. Huweza kuzuia seli zisigawanyike, na bado ikaziamrisha zitandaze nyuzi za kovu kwa wingi. Unene unaobaki miezi baadaye kwa sehemu kubwa ni kazi yake. IGF-1, ndugu wa insulini, huzisaidia seli zisife. Anjiotensini II, ambayo wenye presha huisikia kwa sababu ya vidonge vyao, si kichocheo cha ukuaji kwa jina, lakini huzifanya seli za misuli zitoe vichocheo vyao wenyewe. Na VEGF huzihimiza seli za utando wa ndani kurudi kufunika kidonda.

7. Ilijulikanaje kwamba chembe sahani ndizo zenye kuleta hizi habari?

Kwa jaribio ambalo hadi leo hunifurahisha kwa wepesi wake. Russell Ross na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Washington, walikuwa wakikuza seli za misuli ya ateri ndani ya vyombo vya kioo. Wakizipa maji ya damu iliyoachwa igande, zilikua. Wakizipa maji ya damu iliyoondolewa chembe sahani kabla ya kuganda, zilikaa tu. Wakirudisha kilichotoka kwenye chembe sahani, zikaanza tena kukua. Mwaka 1974 wakatangaza kwamba chembe zilezile zinazoziba damu ndizo zinazobeba kichocheo cha kukuza misuli ya mshipa.

8. Kwa nini kovu huacha kukua lenyewe? Na kwa nini la wengine haliachi?

Huacha utando wa ndani unapofunika tena kidonda. Seli zake hutambaa kutoka kingo ambako hazikuumia, zikikutana hurudisha naitriki oksaidi, na misuli hunyamaza. Jeraha likiwa fupi na la juujuu, kingo ziko karibu. Likiwa refu au la kina, safari ni ndefu, na fundi anaendelea kupiga chokaa. Ndiyo maana mshipa mwembamba, sehemu ndefu iliyotibiwa, stenti zilizofuatana na ugonjwa wa sukari huongeza uwezekano wa kubana tena.

## Puto, stenti na dawa

9. Puto peke yake na stenti vinatofautiana nini kwa habari ya kovu?

Tofauti ni kubwa, na watu wengi hawaelezwi.

Andreas Grüntzig alipotanua ateri ya moyo kwa puto mara ya kwanza, Zurich, tarehe 16 Septemba 1977, ilikuwa ni puto tu. Katika miaka iliyofuata ilionekana kwamba kwa thuluthi moja hadi nusu ya wagonjwa mshipa ulibana tena ndani ya miezi sita. Kwanza ukuta hurudi kama mpira ulioachiwa. Kisha, wiki na miezi, koti la nje hujikunja na kuuvuta mshipa mzima uwe mdogo, kama ngozi inavyovutwa na kovu la moto. Juu ya hayo ndipo linakuja lile kovu la ndani.

Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachobaki ndani kama nguzo za shimo la kisima. Ya kwanza kwa binadamu iliwekwa na Jacques Puel huko Toulouse mwaka 1986. Chuma huzuia kurudi na kujikunja, hivyo mambo mawili kati ya matatu yanaondoka. Lakini la tatu linazidi, kwa sababu nyuzi za chuma hubaki zimeuchoma ukuta, na vichocheo huendelea kutolewa. Utafiti mmoja mkubwa wa Ulaya uliotolewa mwaka 1994 ulikuta asilimia 22 ya waliowekewa stenti walibana tena, dhidi ya asilimia 32 ya waliofanyiwa puto. Faida ipo, lakini bado mtu mmoja kati ya watano alirudi.

10. Kama vichocheo vinajulikana kwa majina, mbona hakuna kidonge cha kuvizuia?

Vilijaribiwa vingi, na historia yake inaumiza moyo.

Panya walipopewa cilazapril, dawa ya presha inayopunguza anjiotensini II, kovu lao lilipungua kwa namna iliyowasisimua madaktari. Ikaletwa kwa binadamu katika jaribio kubwa la Ulaya lililotoka mwaka 1992. Haikuzuia kubana hata kidogo. Moja ya sababu ni kwamba dozi ya panya, ukilinganisha na uzito wa mwili, ilikuwa kubwa mno. Nyingine ni kwamba ateri ya panya mchanga ilikuwa nzima kabla ya kukwanguliwa, na ya binadamu tayari ina ugonjwa wa miaka. Imatinib, dawa ya saratani inayofunga vipokezi vya PDGF, nayo ilijaribiwa kwa waliobana ndani ya stenti, na mwaka 2005 matokeo yakaonyesha haikusaidia.

Funzo walilolipata watafiti ni hili: ukimzuia mjumbe mmoja, wajumbe wengine wanafikisha habari ileile. Mjumbe wa PDGF akikosa, wa FGF yupo. Na dawa ya kumezwa huenda mwili mzima, huku kidonda kina urefu wa sentimita mbili. Jibu lilipatikana walipoacha kuwafukuza wajumbe mmoja mmoja wakaenda kufunga mlango ambao wote hupitia, na wakaufunga palepale kidondani.

11. Stenti yenye dawa ndiyo huo mlango?

Ndiyo. Ishara za vichocheo vingi, zikishaingia ndani ya seli, hukutana kwenye njia moja ya amri kabla ya seli kugawanyika. Sirolimus huikatiza njia hiyo. Seli haiuawi, inabaki pale ilipo, haigawanyiki. Dawa hupakwa juu ya chuma na kuachiwa kidogokidogo kwa wiki na miezi, wakati ambapo fundi wetu ana haraka zaidi.

Asili yake ni udongo wa Rapa Nui, kisiwa kilichoko katikati ya Bahari ya Pasifiki, uliochukuliwa na wasafiri wa Kanada miaka ya 1960. Ndani yake kulikuwa na bakteria inayotengeneza dawa hiyo, na jina lake la kwanza, rapamycin, limetoka kwenye jina la kisiwa. Kwanza ilitumika kuzuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa. Stenti za kwanza zilizopakwa sirolimus ziliwekwa São Paulo mwishoni mwa mwaka 1999, na jaribio lililotolewa mwaka 2002, lenye wagonjwa 238, halikukuta hata mmoja aliyebana baada ya miezi sita katika kundi la stenti ya dawa, ilhali kundi la stenti tupu lilikuwa na asilimia 26.6. Katika matumizi ya kila siku, kwa wagonjwa wa kila aina, si sifuri. Lakini kwa kawaida ni chini ya asilimia 10.

12. Kwa nini nakazaniwa nisiache vidonge vya damu hata nikijisikia mzima?

Kwa sababu dawa iliyozuia kovu imezuia pia utando wa ndani usirudi haraka. Soma tena swali la 8: utando ndio unaofunika kidonda. Stenti yenye dawa hukaa na chuma kilicho wazi kwa muda mrefu, na chembe sahani zikikutana na chuma kilicho wazi hugandana. Damu ikiganda ndani ya stenti, haichukui miezi kama kovu. Inachukua dakika, na ni shambulio la moyo.

Kwa hiyo aspirini hupewa mwenzake, mara nyingi clopidogrel, kwa miezi sita au kumi na miwili kutegemea hali yako, na daktari pekee ndiye wa kufupisha. Nimemwona mtu aliyeacha clopidogrel kwa sababu ya kung'olewa jino. Aliambiwa na jirani, si na daktari. Tafadhali, daktari wa meno akikuambia uache, mwombe ampigie simu daktari wako wa moyo kwanza, mbele yako.

13. Mwezi wa Ramadhani je?

Aspirini na clopidogrel humezwa mara moja kwa siku. Wengi huhamishia futari au daku bila taabu. Ticagrelor, ambayo wengine hupewa badala ya clopidogrel, ni mara mbili, hivyo moja futari na nyingine daku. La muhimu ni kuonana na daktari kabla ya mwezi kuandama, si siku ya tatu ya mfungo. Aliyepata shambulio la moyo majuzi, au aliyewekewa stenti wiki chache zilizopita, asijitwishe. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

14. Nimeletewa dawa ya kunywa ya kusafisha mishipa: kitunguu saumu, ndimu na tangawizi. Itaondoa kovu?

Hapana. Kovu ni sehemu ya ukuta, limefunikwa na utando, halikwanguliwi na kinywaji. Kitunguu kwenye mchuzi hakina neno. Kinywaji kikali cha kila siku ni jambo jingine, kwa sababu kitunguu saumu kwa wingi huongeza kutoka damu kwa mtu aliye kwenye aspirini na clopidogrel. Mwambie daktari unachokunywa.

15. Na muguka?

Muguka na miraa hupandisha presha, huongeza mapigo na huweza kukaza mishipa ya moyo ghafla. Hilo si kovu, lakini kwenye mshipa uliokwisha kubana ni hatari. Acha.

## Hali za pekee

16. Nina ugonjwa wa sukari. Kwa nini naambiwa hatari yangu ni kubwa?

Sukari nyingi ya muda mrefu hudhoofisha utando wa ndani, na utando dhaifu hutoa naitriki oksaidi kidogo na hurudi polepole. Chembe sahani nazo huwa wepesi wa kushikana. Kwa maneno mengine, wenye kuchochea wamezidi na wenye kunyamazisha wamepungua. Mishipa ya mwenye sukari pia mara nyingi ni myembamba na imeathirika sehemu ndefu. Ndiyo sababu baadhi ya wenye sukari walioziba mishipa mingi hushauriwa upasuaji badala ya stenti.

17. Mimi sina stenti, ninasafishwa damu kwa mashine. Fistula yangu imebana. Ni jambo lilelile?

Karibu lilelile, na kwa wagonjwa wetu wa figo ndilo linalowasumbua zaidi. Fistula ni vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) iliyoshonwa kwenye ateri ya mkono, njia iliyoelezwa New York mwaka 1966. Vena ina ukuta mwembamba, imezoea damu ya polepole. Ghafla inapokea damu ya ateri kwa presha na msukosuko. Juu yake kuna mshono wenyewe, kisha sindano mara mbili au tatu kila wiki. Vyote ni majeraha, na vichocheo vilevile huamka. Sehemu inayobana sana ni karibu na mshono.

Jifunze kuusikia mkono wako. Weka vidole juu ya fistula asubuhi kabla ya kuondoka kitandani: unapaswa kuhisi mtetemo laini usiokatika, kama ubavu wa paka aliyeshiba akikoroma mapajani. Mama mmoja wa Kisauni alikuwa akiniambia, "Sista, leo paka amelala." Siku moja akasema, "Paka hakoromi, anagonga," na aliyoyasema yalikuwa kweli: badala ya mtetemo kulikuwa na mpigo mgumu, dalili ya njia iliyobana mbele. Alitanuliwa kwa puto kabla haijaganda. Mtetemo ukibadilika au ukitoweka, nenda siku hiyohiyo. Na mkono huo usipimwe presha wala kutolewa damu.

18. Nilifanyiwa upasuaji, nikachukuliwa mshipa wa mguuni ukawekwa moyoni. Nao hubana?

Huweza, kwa sababu iliyotajwa kwenye fistula: ni vena iliyopewa kazi ya ateri. Baada ya miaka 10, karibu nusu ya vena hizo huwa zimeziba au zimeharibika. Ateri ya kifuani ikitumiwa, takriban tisa kati ya kumi huwa bado wazi muda huohuo, maana imezaliwa kwa kazi hiyo. Hivyo madaktari wapasuaji huitumia kwa mshipa mkuu wa mbele.

19. Ngozi yangu hutoa makovu ya kuvimba. Mishipa yangu nayo itafanya hivyo?

TGF-beta inahusika kwenye makovu ya aina zote mbili, kwa hiyo swali lako si la kijinga. Lakini kovu la kuvimba hutoka kwenye seli za ngozi, na la mshipa hutoka hasa kwenye misuli laini, katika mazingira ya damu inayopita. Makovu ya ngozi si sababu ya kukataa stenti. Yataje tu wanapokuandikia historia yako.

20. Stenti yangu ina miaka mingi, sasa nimeambiwa imebana. Bado ni kovu?

Hapa ndipo jibu la swali la 2 linapogeuka. Kovu la miezi ya kwanza hutulia. Lakini baada ya miaka, mafuta huweza kuingia ndani ya kovu lenyewe na kufanya ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani, wenye hatari ya kupasuka na kugandisha damu. Stenti zenye dawa hazikingi dhidi ya hili, na mara nyingine hutokea mapema zaidi kwenye hizo. Kwa hiyo kolesteroli, sukari, presha na sigara vina kazi kubwa hapa kuliko katika miezi sita ya kwanza.

Matibabu hutegemea picha ya ndani ya mshipa. Kovu likiwa ndilo tatizo, hutumika puto lililopakwa dawa, ambalo huiacha dawa ukutani bila kuongeza chuma, au stenti nyingine ya dawa. Dawa ya puto mara nyingi ni paclitaxel, iliyopatikana kwanza kwenye gome la mti wa yuu wa Marekani, na huzuia seli isigawanyike kwa kuikamata mifupa yake ya ndani. Stenti ikiwa haikutanuliwa vya kutosha tangu mwanzo, hutanuliwa kwanza.

Kama kifua kinabana ukitembea na kuacha ukipumzika, panga kumwona daktari wiki hii. Kikibana ukiwa umekaa, jasho linakutoka, na maumivu yanaingia taya au mkono wa kushoto, usingoje asubuhi wala usingoje kijana arudi na pikipiki. Mwamshe jirani mwenye gari, uende hospitali usiku huohuo, na ubebe vidonge vyako mkononi ili wavione.